Mtindi wa nyumbani unatoka majimaji na wa kuvutika: kosa liko wapi? Na tumbo linafaidika nini hasa?

Ngarenaro aliuliza:

Habari za jioni wakuu. Naomba wanaojua maziwa na wanaojua tumbo wanisaidie, maana maswali yangu yanagusa kote kuwili.

Nyumbani tuko watano, tunachukua lita 2 za maziwa ya ng'ombe kila siku kwa mfugaji. Wawili kati yetu wakinywa maziwa freshi, ndani ya saa moja au mbili tumbo linajaa gesi na kuunguruma. Wakinywa mtindi hawana shida. Kwa hiyo tumeamua kugandisha wenyewe, ila njia mbili tulizojaribu zimegoma.

Ya kwanza: tulichemsha maziwa, tukayaacha yapoe mpaka uvuguvugu, tukatia mtindi wa pakiti wa dukani, tukayafunga kwenye chupa ya chai usiku kucha. Asubuhi mabonge laini yanaelea juu ya maji ya njano-kijani, harufu kama ya hamira.

Ya pili: maziwa hayohayo, mbegu ikawa yogati ya stroberi, sufuria ikalala mezani jikoni. Hapa ni Arusha na sasa ni Julai. Asubuhi ukawa uji mwepesi, ukiinua kijiko unavutika kama mlenda.

Naomba kujua: (a) tunakosea wapi, (b) ni kweli mtindi unarudisha bakteria wazuri baada ya antibayotiki? Mmoja wetu yuko kwenye dozi ya doksisaiklini. (C) huu mtindi unatibu vidonda vya tumbo kama wanavyotangaza mitandaoni? (d) mtu anajuaje kama mtindi wa dukani bado una bakteria hai?

---

Msindikaji alijibu:

Nachukua (a) na (d), hayo ya tumbo watakuja wenyewe.

Mara zote mbili mbegu na joto havikulingana. Kuna jamii mbili za bakteria hapa na kila moja ina joto lake. Mtindi wa pakiti, ambao jirani zetu Kenya wanauita mala, unagandishwa na *Lactococcus lactis* na ndugu zake, mara nyingi pamoja na *Leuconostoc*. Hao ni wa joto la kawaida, nyuzi 20 hadi 30; kiwandani maziwa huwekwa 22 hadi 25 kwa saa 16 mpaka 18. Yogati inagandishwa na wengine wawili, *Streptococcus thermophilus* na *Lactobacillus bulgaricus*. Hao wanataka nyuzi 42 hadi 45, na wakipata joto lao wanamaliza kazi ndani ya saa 4 mpaka 6.

Mara ya kwanza ulimchukua wa baridi ukamfungia kwenye chupa ya moto. Akazubaa, na kadiri maziwa yalivyopoa polepole usiku, hamira na bakteria wa gesi waliojificha kwenye mpira wa kifuniko wakapata uwanja. Mabonge kuelea ni alama ya gesi: imenaswa ndani ya mgando ikaupandisha juu, maji yakabaki chini. Huo ulikuwa wa kumwaga, na natumaini mliumwaga. Chupa yenyewe itoe mpira, isugue, kisha imiminie maji yanayochemka kabla ya kuitumia tena.

Mara ya pili ulifanya kinyume. Wa joto ukamlaza mezani kwenye baridi ya Julai. *Thermophilus* akiwa chini ya joto lake anatengeneza asidi polepole sana, na baadhi ya aina zake zikiwa kwenye ubaridi hutoa utelezi mwingi. Utelezi peke yake si sumu, kuna viwanda vinatafuta aina hizo makusudi ili yogati iwe nzito bila kuongeza unga wa maziwa. Lakini utelezi hutoka pia kwa bakteria wa uchafu. Pua ndiyo inaamua: uchachu safi, sawa, harufu ya zizi, ya jibini iliyooza au uchungu mdomoni, mwaga. Na stroberi acha kabisa kama mbegu. Ina sukari, vikolezo vya kuifanya nzito, na nyingine zina kihifadhi.

Sasa yogati ya lita 2, njia inayotoka kila mara:

Kabla ya kuweka sufuria nzima motoni, chemsha vijiko viwili vya maziwa kwenye kikombe cha bati. Yakikatika, yalikwisha kuanza kuchacha huko yalikotoka; hayafai kugandisha. Yakipita, chuja kwa kitambaa safi, kisha pasha mpaka nyuzi 85 hadi 90 na uyashikilie hapo kwa dakika 20 hadi 30, moto mdogo, unakoroga yasishike chini. Arusha iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji kwenu yanachemka karibu na nyuzi 95, kwa hiyo ukiona vipovu vinaanza pembeni tayari uko kwenye eneo hilo. Watu wengi hapa wanaharakisha: maziwa yakiumuka tu wanazima. Vijidudu vya ugonjwa vinakufa, ni kweli, ila uzito hupati. Ule muda kwenye 85 unazifungua protini za maji ya maziwa zikajishika kwenye kaseini (protini kuu ya maziwa), na mgando unakuwa na uwezo wa kubakiza maji. Yogati nyingi za nyumbani zenye maji juu zimeharibikia hapa, mbegu inasingiziwa bure.

Poza kwa kuketisha sufuria kwenye beseni la maji baridi, imefunikwa, mpaka nyuzi 43. Chota kikombe kimoja cha maziwa hayo, koroga humo vijiko vya chakula 3 vya yogati nyeupe isiyo na sukari wala ladha (hiyo ni kama asilimia 2), rudisha kwenye sufuria, koroga taratibu mara chache. Mimina kwenye hotipoti uliyoisuuza kwa maji ya moto, funga, zungushia blanketi, usiisogeze. Kagua baada ya saa 5. Ukiinamisha kidogo na mgando ukaachia ukuta wa chombo kwa pamoja bila kumwagika, imeiva. Ipeleke kwenye friji hapohapo. Ukiiacha usiku kucha kwenye joto, asidi inazidi, mgando unajikunja na kukamua maji.

Usidhani mbegu nyingi ni bora zaidi. Ukitia kikombe kizima kwenye lita 2, asidi inakuja kwa kasi, mgando unakuwa na chengachenga na unatoa maji.

Mtindi ni rahisi zaidi. Pasha vilevile, poza mpaka 25, tia vijiko 3 au 4 vya mtindi wa pakiti usio na ladha, funika, acha saa 16 hadi 18. Arusha wakati wa baridi viringisha blanketi. Dar mwezi wa pili anza kuukagua saa ya 10.

Mkifanya haya yote na baada ya saa 8 yogati bado ni maziwa, muulize mfugaji kama kuna ng'ombe aliyechomwa dawa, hasa ya ugonjwa wa kiwele. Antibayotiki inayobaki kwenye maziwa inaua mbegu. Kila dawa ina siku zake za kusubiri zilizoandikwa kwenye kichupa, na si wafugaji wote wanazisubiri. Wengine nao hutia magadi au peroksaidi maziwa yasikatike njiani. Magadi yanaimeza asidi yenu, peroksaidi inaua mbegu.

Kuhusu (d): angalia yanauzwaje. Pakiti inayokaa miezi kwenye rafu bila friji, kwa kawaida imepashwa moto tena baada ya kugandishwa. Ladha ipo, uhai hakuna. Ya friji yenye muda wa wiki chache ina nafasi kubwa ya kuwa hai. Jaribio la jikoni ni kuchemsha kikombe cha maziwa, kupoza kwa joto la mbegu husika na kutia kijiko kimoja. Ikigandisha, wako hai. Isipogandisha mara mbili, nunua nyingine.

---

Lishe_Moro alijibu:

Msindikaji kamaliza upande wa jiko. Nianze na hao wawili wenye gesi, kwa sababu hapo ushahidi hauna ubishi.

Maziwa ya ng'ombe yana laktosi, yaani sukari ya maziwa, karibu gramu 5 katika kila mililita 100. Kuimeng'enya kunahitaji kimeng'enya cha laktesi kwenye utumbo mwembamba, na watu wazima wengi duniani wanacho kidogo. Laktosi isiyomeng'enywa inavuta maji, inafika utumbo mpana, bakteria wa huko wanaichachua: ndiyo gesi na muungurumo. Hapa kwetu kuna tofauti kubwa kati ya koo na koo. Utafiti wa Sarah Tishkoff na wenzake uliochapishwa 2007, uliopima watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, ulikuta wafugaji wa Afrika Mashariki wana mabadiliko yao wenyewe ya jeni ya kuendelea kumeng'enya maziwa ukubwani, tofauti na yale ya Ulaya. Ndiyo maana ndani ya nyumba moja mmoja anamaliza jagi na mwingine glasi moja inamlaza.

Mtindi unasaidia kwa njia tatu. Uchachu unapunguza laktosi kwa kiasi, robo hivi, kwa hiyo usitegemee hiyo peke yake. La pili ndilo kubwa: bakteria wa yogati wanabeba kimeng'enya chao cha kuvunja laktosi. Wakifika utumbo mwembamba nyongo inawapasua, kimeng'enya kinamwagika, kinafanya kazi ambayo mwili wako umeshindwa. Tatu, kitu kizito kinatoka tumboni polepole kuliko maziwa mepesi, hivyo laktosi inafika kidogo kidogo.

Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya, EFSA, imekataa madai mengi sana ya afya ya probaiotiki (bakteria hai wanaoliwa kwa ajili ya afya). La yogati na laktosi ililikubali mwaka 2010, kwa sharti la bakteria hai wa yogati wasiopungua milioni 100 katika kila gramu. Angalia vizuri: ni yogati, yaani *thermophilus* na *bulgaricus*. *Lactococcus* wa mtindi wa kawaida anavunja laktosi kwa njia nyingine ya ndani, na msaada wake ukishamezwa ni mdogo. Wale wawili wenu wenye gesi wakiona mtindi wa mezani bado unawasumbua kidogo, wahamie yogati. Pia waanze na nusu glasi pamoja na chakula. Wengi wenye upungufu wa laktesi wanastahimili hata gramu 12 za laktosi kwa mara moja, ambayo ni karibu glasi ya mililita 250 ya maziwa, mradi tumbo lisiwe tupu.

Swali (b). Neno "kurudisha" linabeba mzigo mkubwa mno. Bakteria wa yogati ni wapita njia: wanafanya kazi wakiwa safarini, hawahamii utumbo mpana, na ukiacha kula ndani ya siku chache hawaonekani tena kwenye choo. Kwa kuharisha kunakoletwa na antibayotiki, aina fulani za probaiotiki zimeonyesha faida, hasa kwa watoto, lakini ni aina iliyotajwa kwa jina na kwa kiasi kilichopimwa. Huwezi kuchukua matokeo hayo ukayabandika kwenye kila kikombe cha mtindi. Kuna hata utafiti wa Israeli wa 2018 ulioonyesha mchanganyiko wa vidonge vya probaiotiki baada ya antibayotiki ulichelewesha bakteria wa asili kurudi. Vile vilikuwa vidonge vya aina 11, si yogati, ila vinatosha kumnyamazisha anayeuza "kurudisha" kwa uhakika.

Lenye matumaini zaidi ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wa 2021. Watu wazima 36 waligawanywa, nusu wakala vyakula vingi vilivyochachushwa (yogati, kefiri, kimchi na vingine) kwa wiki 10, nusu wakaongeza nyuzinyuzi. Kundi la vilivyochachushwa lilipata aina nyingi zaidi za bakteria tumboni, na protini 19 za uvimbe kwenye damu zikashuka. Ila walikula kama milo midogo 6 kwa siku. Kikombe kimoja cha Jumapili hakipo kwenye utafiti huo.

Na la haraka, kabla hamjaendelea: doksisaiklini na mtindi visikutane tumboni. Kalsiamu ya maziwa inaikamata dawa na sehemu yake haisharabiwi. Acheni angalau saa 2 kati ya kidonge na maziwa ya aina yoyote. Siprofloksasini vivyo hivyo. Amoksilini haina shida hiyo. Wengi wanakunywa kidonge kwa mtindi "kulinda tumbo", halafu wanalalamika dawa haifanyi kazi.

(c) Hapana. Vidonda vingi vinaletwa na bakteria *Helicobacter pylori*, jambo ambalo Barry Marshall na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005, au na dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini. *H. pylori* anatolewa kwa mchanganyiko wa antibayotiki na dawa ya kupunguza asidi. Mtindi unaweza kumsaidia mgonjwa avumilie dozi hiyo bila kuharisha sana, kidonda hauponyi. Maziwa freshi nayo yanatuliza dakika chache, kisha kalsiamu na protini zake zinaliamsha tumbo limwage asidi zaidi.

---

Sotet_BondelaUfa alijibu:

Nawasalimu kutoka Kericho. Mnahangaika na vipimajoto ilhali kibuyu kinafanya kazi hii bila mbegu ya dukani.

Mursik, maziwa ya kuchachuka ya Wakalenjin, inatengenezwa hivi. Kibuyu kinasuguliwa ndani kwa ufito hadi mabaki yote yatoke, kinasuuzwa kwa maji moto, kinakaushwa. Tawi la senetwet (*Senna didymobotrya*) lililokauka linachomwa, kaa lake likiwa bado jekundu linaingizwa ndani na kusagwa kwenye kuta mpaka zipakwe masizi laini sawasawa. Unapuliza vumbi la ziada. Maziwa yaliyochemshwa na kupoa kabisa yanamiminwa, kibuyu kinafungwa, kinawekwa pahali penye baridi na giza siku tatu hadi tano au zaidi. Kabla ya kumimina kwenye kikombe unatikisa, rangi inakuwa ya kijivu-buluu. Mbegu inaishi kwenye vinyweleo vya kibuyu chenyewe, ndiyo sababu kibuyu kipya hutoa maziwa mabaya mara za kwanza na cha zamani hakikosei. Wamaasai wanatengeneza maziwa yao ya kuchachuka, wanayoyaita "kule naoto", kwa mtindo wa karibu, moshi wao ni wa mti wa oloirien (mzeituni pori).

Kosa ninaloliona kwa wanaoanza ni mkaa mwingi, ladha inakuwa chungu, na kumimina maziwa yakiwa moto, ambayo yanaua wale walio ukutani. Wengine wanafunga kibuyu kikiwa bado na unyevu, kinaota ukungu kwa ndani. Kikiota ukungu usijaribu kukiokoa kwa mkaa, tafuta kingine.

Wazee wengine hutumia maziwa mabichi, hawachemshi. Wanasema asidi inaua kila kitu.

---

Msindikaji alijibu:

Ufundi wa kibuyu umeueleza vizuri sana. Hapo mwisho tu ndipo nasimama: asidi haiui kila kitu. Brusela, wale wanaoleta homa ya kupanda na kushuka na kutupa mimba kwa ng'ombe, wanaweza kuishi siku kadhaa ndani ya maziwa yaliyochachuka. Kifua kikuu cha ng'ombe pia hakimalizwi na uchachu wa siku tatu. Nyuzi 63 kwa dakika 30, au 72 kwa sekunde 15, vinawamaliza. Kuchemsha jikoni kunapita viwango hivyo vyote. Chemsha kwanza, chachusha baadaye, na mpangilio huo haugeuzwi.

Tena mbichi unakuletea mgando wa bahati nasibu. Nani ataanza kukua inategemea mkono wa aliyekamua, ndoo na nzi. Suusac ya maziwa ya ngamia kaskazini mwa Kenya na Somalia imechunguzwa, na bakteria anayetawala mara nyingi ni *Streptococcus infantarius*, ambaye baadhi ya ndugu zake wa karibu wanaleta maambukizi ya moyo na damu. Haimaanishi suusac ni sumu, watu wanaishi nayo. Ila "ya asili" haikupi hati ya usafi.

Na kuna kitu ambacho kuchemsha hakukiondoi wala uchachu haukiondoi: sumukuvu. Ng'ombe akila pumba za mahindi au mashudu yaliyoota ukungu, sumu inatoka kwenye maziwa na inabaki kwenye mtindi. Dawa yake iko kwenye stoo ya mfugaji, ghala kavu lenye chaga chini ya magunia.

---

Lishe_Moro alijibu:

Niongeze kuhusu mursik ya muda mrefu. Kibuyu kikikaa wiki nyingi, hamira nayo inashiriki, na vipimo vilivyofanywa kwenye mursik ya Bonde la Ufa vimekuta pombe kidogo na asetaldehidi (kemikali inayohusishwa na saratani), nyingine kwa kiasi cha kutia wasiwasi kwa sababu eneo hilo lina saratani nyingi ya umio. Sababu za saratani ile ni nyingi, chai ya moto sana, pombe na tumbaku zimo, kwa hiyo mursik haijahukumiwa. Kwa anayekunywa kila siku mimi ningechagua ya siku tatu kuliko ya mwezi.

---

Ngarenaro aliuliza tena:

Ahsanteni sana wakuu. Ya doksisaiklini imetufaa leoleo. Yamebaki matatu: hatuna kipimajoto, tutajuaje 43? Mbegu ya yogati inarudiwa mara ngapi kabla ya kununua nyingine? Na kuna mtoto wa miezi 8 nyumbani, naye apewe?

---

Msindikaji alijibu:

Kipimajoto cha jikoni nunueni, kitajilipa kwa sufuria mbili mtakazoacha kumwaga. Kwa leo, nawa mikono vizuri, tumbukiza kidole kidogo: ukiweza kuhesabu hadi kumi kwa utulivu na ya kumi na moja ikakufanya utoe, uko karibu. Ukitoa kwenye tatu, ni moto mno. Ukiweza kukaa hata ukasahau kuhesabu, yameshapoa kupita, rudisha kidogo jikoni kabla ya kutia mbegu, kamwe baada.

Mbegu ya yogati rudia mara nne au tano, basi. Ile jozi inafanya kazi kwa kusaidiana: mmoja anatoa asidi ya fomiki na kaboni dioksaidi zinazomchochea mwenziwe, mwenziwe anavunja protini na kumlisha. Kila mnaporudia uwiano unahama kidogo, *bulgaricus* akizidi inakuwa kali na chungu, akipotea inakuwa haina harufu ya yogati. Pia kuna virusi vinavyokula bakteria wa mtindi, na vikiingia jikoni mbegu inakufa ghafla bila sababu inayoonekana. Chota mbegu ya kesho siku ileile yogati inapotoka kwenye friji mara ya kwanza, kwa kijiko kilichochemshwa, kabla mtu hajala. Ukinunua chombo kipya cha yogati nzuri, igandishe kwenye trei ya barafu, vipande vitatu kwa lita 2. Ndani ya mwezi bado wana nguvu, ila mpe saa moja ya ziada kuiva.

---

Kirumba_Mwanza alijibu:

Kama mnataka mtindi wenye bakteria aliyetajwa kwa jina, si lazima vidonge vya bei mbaya. Kanda hii ya ziwa kuna historia ndefu. Mwanza mwaka 2004 akina mama walianza kutengeneza yogati yenye *Lactobacillus rhamnosus* GR-1 kupitia mradi wa Western Heads East wa Chuo Kikuu cha Western, Kanada. Uganda na nchi jirani kuna mbegu ya Yoba. Hiyo ina *rhamnosus* yoba 2012, ambaye ni yuleyule GG aliyepatikana Marekani miaka ya 1980 na Sherwood Gorbach na Barry Goldin, herufi GG zikitoka kwenye majina yao. Hataza yake (haki ya mvumbuzi) ilikwisha muda, ndipo akatolewa kwa jina jingine na kwa bei ya chini. Pakiti ya gramu 1 inatosha hadi lita 100.

Kuna ujanja ndani yake. *Rhamnosus* huyu peke yake kwenye maziwa hakui vizuri, hawezi laktosi wala kaseini. Amewekwa pamoja na *thermophilus* anayemvunjia vyote viwili. Kwa hiyo anayetoboa kidonge cha GG na kukimwaga kwenye maziwa matupu akingoja yogati, atangoja sana. Kwa nyumba ya lita 2 pakiti ni kubwa: tengeneza lita 5 za kwanza, gawa ziwe mbegu, ganda kwenye friza. Msirudie vizazi vingi, *thermophilus* anamshinda mbio na *rhamnosus* anapungua bila ninyi kujua, mgando unaonekana uleule.

---

Lishe_Moro alijibu:

Mtoto wa miezi 8: yogati nyeupe iliyotokana na maziwa yaliyochemshwa, vijiko viwili vitatu ndani ya uji au ndizi iliyopondwa, inafaa, mradi hajaonyesha mzio wa maziwa ya ng'ombe (vipele, kutapika, damu kwenye choo). Msiongeze asali, mpaka atimize mwaka. Mtindi usichukue nafasi ya ziwa la mama, na maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu kabla ya miezi 12. Akiharisha, ORS na zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14. Yogati inaweza kuendelea pembeni. Mahali pa ORS haiwezi.

Asiyestahili mtindi wa nyumbani ni mgonjwa ambaye kinga imeshuka sana, kwa mfano yuko kwenye matibabu ya saratani au ana mrija kwenye mshipa mkubwa. Huyo aulize kwanza wanaomtibu.

Kwa wakubwa, glasi moja kwa siku inatosha kuanzia, bila sukari. Bakteria wenu wa kudumu, wale wa utumbo mpana, wanaishi kwa nyuzinyuzi: maharage, dona, ndizi mbichi za kupika, viazi vilivyopikwa vikapoa. Sahani ya makande na glasi ya yogati inawafikia wote wawili, wapita njia na wenyeji.